Mshenga wa Mbung'o na Kuku Hakimu

Mshenga wa kawaida hupeleka posa, humsifia kijana hata pasipo cha kusifia, na siku ya harusi hukaa mbele akila vinono. Mshenga wetu huyu hakuwahi kupeleka posa ya mtu. Yeye aliwatengeneza mabwana harusi wa mbung'o. Jina alibandikwa na mlinzi wa getini kwao kazini, likamganda mpaka mkewe mwenyewe akawa analitumia.

Kazi yake ilikuwa katika nyumba ya mbung'o, jengo refu la bati nyuma ya ofisi za mifugo. Ukifungua mlango ulipokewa na joto lenye unyevu, kama mtu amekuhemea usoni. Rafu zilipanda hadi darini, na juu ya rafu vizimba vidogo vya wavu, na ndani ya vizimba mbung'o wale wale wanaoua ng'ombe na kuwalaza watu usingizi wa maradhi, wamefugwa kwa heshima kama njiwa. Walilishwa damu iliyotandazwa chini ya utando wa mpira uliopashwa joto. Waliuchoma utando kwa midomo, wakidhani ni ngozi, wakashiba, wakalala.

Mshenga alikulia katika nyumba iliyofilisiwa na wadudu hao. Ng'ombe wa baba yake walikonda mmoja baada ya mwingine, macho yakalia machozi, wakalala wasiinuke. Alipopata kazi ya kufagia vizimba aliwaambia ndugu zake kwamba anakwenda kulipiza kisasi. Kwa muda mrefu kisasi chenyewe kikawa kuwafulia nyavu na kuwapashia damu. Baadaye wakampandisha, si kwa ujanja, bali kwa sababu hakuwa mtu wa haraka, na penye mashine ya mionzi mtu wa haraka hafai.

Mbung'o jike si kama nzi wa jikoni anayemwaga mayai ovyo. Hubeba mtoto mmoja tu, humnyonyesha humo humo tumboni kwa maziwa ya mwili wake, humzaa akiwa mnene, na mtoto hujichimbia chini na kugeuka kifuko cheusi kigumu kama mbegu. Majike hutoka kwenye vifuko kwanza. Wanaobaki karibu wote ni madume, na hao ndio waliokuwa wateja wa Mshenga. Aliwapoza kwa baridi watulie, akawaingiza kwenye mashine, mionzi ikawapitia, akawatoa. Wakishatoka kwenye vifuko aliwalisha, akawapaka poda ya rangi ili wajulikane, kisha wakapelekwa porini kwa gari kuoa. Na kwa kuwa jike wa mbung'o mara nyingi huolewa mara moja tu, akishampata mume wa namna hiyo basi, hazai tena.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Walikutana siku alipoitwa kushona nyavu za vizimba. Kila mtu akatoka na makofi mwilini kwa kuwapiga mbung'o waliotoroka, ila yeye alikaa kimya akatazama jike mmoja akizaa, akasema, "Maskini, hana hata wa kumshika mkono." Mshenga akampenda hapo hapo. Walioana, wakapanga vyumba viwili, cherehani ikawekwa penye dirisha la sebuleni. Fundi alishona sare za shule za watoto wa watu wengine. Miaka ikapita. Wao hawakupata mtoto.

Hawakulizungumza sana. Lilikaa nao tu, kama mgeni asiyeaga.

Mama Mkwe alipofika, alikuja na kaka yake, Mjomba, dereva mstaafu ambaye macho yake sasa yalikuwa ya kukisia, na kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Kikapu kilikuwa kinanguruma. Alikaa, akanywa maji, akaulizia afya ya kila mtu, ndipo akaanza.

"Baba, nimeambiwa unahasi nzi."

"Siwahasi, mama. Hawakatwi kitu."

"Unawafanyaje?"

Hapa ndipo Mshenga alipokosea. Mtu mwingine angesema ni kazi ya ofisi tu, mambo yakaishia hapo. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza habari za kazi yake kwa utulivu namna ile, akaona raha. Akachomoa uzi kwenye cherehani ya mkewe.

"Kila kiumbe, mama, kimejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinaitwa seli. Ndani ya kila seli mna uzi, na uzi wenyewe ni nyuzi mbili zilizosokotana, kama huu. Humo ndimo mlimoandikwa bawa liote wapi, mguu uote wapi. Mionzi ikipita, wakati mwingine inaukata yenyewe. Lakini mara nyingi inaanza na maji."

"Maji gani?" aliuliza Mjomba.

"Yaliyomo ndani ya seli. Inazipasua zile molekuli za maji. Vipande vyake vinakuwa na wazimu, havitulii mpaka vinyakue kitu kwa jirani. Na jirani wa karibu ni uzi."

Mjomba aliitazama glasi yake, akaiweka chini taratibu.

"Ukikatika upande mmoja wa uzi, seli ina mafundi wake. Wanatazama upande wa pili ulivyo, wanashona, mambo yanaendelea. Shida ni pande zote mbili zikikatika mahali pamoja. Hapo wanaunga kwa kubahatisha, kichwa na mkia."

"Na nzi hafi?"

"Hafi leo wala kesho, kwa sababu bawa lake limekwisha kujengwa. Halihitaji kusoma tena maandishi. Anayeyahitaji ni mtoto. Mbegu ya dume inamfikia jike na uzi uliokatika. Mtoto anaanza: seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Anafika penye mkato, anakwama."

Fundi alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. Mshenga akatambua kwamba ameeleza vizuri kupita kiasi.

"Umeeleza vizuri, baba," alisema Mama Mkwe. "Sasa nimeogopa zaidi kuliko nilivyokuja."

"Lakini mama, mimi nakaa nje ya ukuta wa risasi, ile risasi ya madini. Na mionzi haigandi kwenye shati. Ni kama mwanga wa taa, ukizima ni giza. Hakuna anayerudi nyumbani na mwanga mfukoni."

"Wewe unasema hivyo. Na wewe ndiye mshitakiwa." Akafunua kikapu. Kuku mweusi, na mayai chini yake, alitoa shingo akawatazama wote kama watu waliochelewa kufika barazani. "Mimi sikusoma. Lakini niambie, yai nalo si linaanza na seli moja?"

"Ndiyo."

"Moja ikawa mbili, mbili ikawa nne?"

"Ndiyo, mama."

"Basi. Kuku huyu ataatamia chumbani kwenu, uvunguni, upande unaolala wewe, juu ya nguo yako ya kazi. Kama mionzi unayo mwilini, mayai yatajua. Yakianguliwa, nakuomba radhi mbele ya Mjomba na narudi kwangu. Yasipoanguliwa, narudi na mwanangu. Kuku hajui ujomba, baba, wala hali rushwa."

Mshenga alitafuta pa kupinga, akapakosa. Kipimo hakikuwa cha kijinga hata kidogo. Kama kweli mionzi ingeganda, hakuna ambacho kingeisikia haraka kuliko yai, ambalo kila saa linajigawanya. Alimtazama mkewe. Fundi alikuwa ameinamia pindo la sketi, uso haukusema lolote, na hicho ndicho kilichomtia Mshenga baridi. Hakujua kama anataka kubaki. Hakuwahi kumuuliza, na sasa kumuuliza kungekuwa kama kumwomba.

Kuku akapewa jina la Hakimu na Mjomba mwenyewe, baada ya kudonolewa.

Maisha ya uvunguni yakaanza. Mama Mkwe alilala sebuleni na hakukanyaga chumba cha mkwewe, mwiko ni mwiko, kwa hiyo Mjomba ndiye aliyekuwa mkaguzi. Kila alasiri alitoka kwake, alipiga magoti kwa taabu, alitazama kiza cha uvungu na kutangaza kwa sauti kwamba kuku yupo. Mshenga alijifunza kuvua viatu mlangoni, kukohoa chini ya shuka, kuota ndoto bila kugeuka. Akishuka kitandani vibaya, alidonolewa kifundo cha mguu. Kule kazini mlinzi alimuuliza mbona anachechemea.

"Kesi," alisema Mshenga.

"Na nani?"

"Na kuku."

Mlinzi alimtazama kifundo, akamfungulia geti.

Lililomsumbua Mshenga halikuwa mionzi. Hiyo aliijua. Lilikuwa jogoo. Alikumbuka kumwona jogoo wa Mama Mkwe, baba wa mayai yale, siku ya kwenda ukweni: amesimama kwa mguu mmoja kivulini, amefumba macho, majike wanampita kama wanavyopita nguzo. Jumamosi moja mchana, Fundi alipokwenda kupeleka sare na Mama Mkwe amesinzia, Hakimu alitoka nje kula. Mshenga akajifunika blanketi na mayai na tochi ya simu. Akaweka yai la kwanza juu ya mwanga.

Jeupe. La pili, jeupe. Yote yalikuwa safi kama maji ya mvua, ndani hamna hata mshipa wa kifaranga.

Hapo, kwa muda wa kupepesa jicho, yule mtu aliyejua kila kitu kuhusu uzi aliacha kujua. Aliitazama mikono yake ndani ya blanketi jekundu kwa mwanga wa tochi, akaona kama imetoka mashineni. Akawaza: kumbe ni mimi. Kumbe miaka yote ni mimi.

Kisha utulivu wake ukamrudia polepole. Yai lililopigwa na mionzi huwa limeanza kukua. Lingekuwa na mishipa iliyokatizwa, na duara la damu, alama ya aliyeanza safari akakwama. Haya hayakuwa na duara. Hakuna aliyekwama humo kwa sababu hakuna aliyeanza. Hapakuwa na mionzi. Palikuwa na jogoo mzee. Lakini nani angemwambia Mama Mkwe habari za jogoo wake, na akiwa amejifunika blanketi?

Mlango ukafunguka. "Unafanya nini?" Ilikuwa sauti ya Fundi.

"Najipumzisha."

"Na mayai?"

"Yanapumzika pia."

Fundi alisimama kidogo, akafunga mlango. Mshenga alisikia cherehani ikianza, ikakimbia bila kituo, kama mtu anayeshona bila kitambaa.

Jumatatu alimweleza mlinzi, ambaye nyumbani kwake alikuwa na kuku aliyeanza kuatamia wiki ile ile na Hakimu. Mlinzi akacheka mpaka akaketi chini. Lakini jioni alileta mayai ndani ya kofia yake ya sare, yamefungwa kwa skafu, bado yana joto. Mshenga akayatia uvunguni, akayatoa yale meupe yote, na kesho yake yakaenda kufukiwa kwenye shimo la taka la nyumba ya mbung'o. Toka hapo hakugusa tena. Hakimu alipanda juu ya mayai yale akatanua mbawa, na hakuna aliyeona tena kilichopo chini yake.

Siku zikaenda. Siku ya kuanguliwa ikafika, ikapita kimya. Kesho yake asubuhi Mama Mkwe alitoka, akarudi na Mjomba na mwenye mkokoteni. Cherehani ikabebwa nje, ikafungwa kamba. Mkoba wa Fundi ukawekwa juu yake. Mshenga alisimama mlangoni na shati la kazini, vifungo vimepishana.

"Mama, ngoja mpaka mchana."

"Baba, sitaki kukufedhehesha. Wewe ni mtu mwema. Ni kazi yako tu ndiyo mbaya."

Fundi alikuwa ameshika mguu wa cherehani kana kwamba itaanguka. Hapo wote wakasikia, kutoka uvunguni, sauti nyembamba. Pii. Halafu nyingine. Mjomba alikimbia kama kijana, akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza Hakimu hakumdonoa; alitoka mwenyewe, mbawa zimetanuka, akapita sebuleni hadi uani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kusoma hukumu. Nyuma yake wakafuata vifaranga, walioanguliwa usiku kimya chini ya mbawa zake.

Wakawatazama. Mwenye mkokoteni naye akatazama. Wa mbele walikuwa wa njano, wadogo, sawasawa kabisa. Waliofuata walikuwa na midomo bapa na miguu ya utando, wakiyumba. Wa mwisho walikuwa wa kahawia, wana mistari kichwani, na walikimbia huku na huku kama waliosahau kitu.

Mama Mkwe alikaa chini kwenye ngazi.

"Mungu wangu. Imewageuza." Alisema polepole, hakupiga kelele. "Nilidhani mionzi inazuia. Kumbe inageuza. Mwanangu angezaa nini?"

"Mama, haiwezi," Mshenga alisema. "Inakata, inaharibu neno hapa na pale. Vinasaba vya kuku ni kama kitabu. Ukikidondoshea kaa la moto kitatoboka, lakini hakitajiandika upya kiwe kitabu cha bata."

"Unaitetea mashine, na bata nawaona kwa macho yangu. Haya, tuondoke."

Mwenye mkokoteni akashika mikono ya mkokoteni.

"Bata ni wangu," alisema Fundi.

Wote wakageuka.

"Mayai yao niliyaomba kwa jirani. Yeye ana bata tu, na bata wake alianza kuatamia wiki moja kabla ya Hakimu. Jogoo wako, mama, namjua toka nikiwa msichana. Nilijua hakuna kitakachotoka. Nikasema kifaranga ni kifaranga, utasikia sauti, utarudi nyumbani kwa amani." Aliwatazama bata wakiyumba. "Sikufikiria kuhusu midomo."

"Ulitaka nirudi nyumbani?"

"Nilitaka mimi nibaki, mama."

Mshenga akaangalia ukutani, kwa sababu machoni palikuwa pamemharibikia. Kisha akakohoa. "Wale wa njano ni wa mlinzi wa kazini," alisema. "Nilibadilisha mayai. Yako yalikuwa matupu, mama. Naomba radhi."

"Na hawa wenye mistari?"

Walimtazama jirani aliyekuwa anachungulia ukutani, akakana kwa mikono yote miwili. Mjomba alikuwa akijifanya anamtafuta Hakimu juu ya paa.

"Kaka," alisema Mama Mkwe.

"Kanga," alisema Mjomba kwa unyonge. "Wale ndege wangu wa nyumbani, nao walitangulia kuatamia wiki moja. Niliingiza mkono na mayai yao tu, sikuona kilichokuwamo. Sasa dada, umemleta yule kuku na mayai ya yule jogoo, ungetaka nifanyeje? Mwanamume anachechemea, anavumilia, halafu tumnyang'anye mke kwa sababu ya jogoo wako mzee anayesinzia?"

Vifaranga wa bata walikuwa wamegundua dimbwi chini ya bomba, na Hakimu alikuwa akizunguka ukingoni akiwaita kwa hasira, akitoa amri ambazo hazikuwa na mtu wa kuzitii.

"Kwa hiyo mlijua wote," alisema Mama Mkwe. "Isipokuwa mimi."

"Ndiyo, mama."

"Na jogoo wangu hajawahi kuona mashine."

"Hajawahi."

Alitikisa kichwa, akapangusa magoti. Akamwambia mwenye mkokoteni aiteremshe cherehani, na mwenye mkokoteni akauliza kwa nini walimwamsha mapema. Mjomba akashika upande mmoja, Mshenga mwingine, Fundi akiwaelekeza wasikwaruze mlango. Ikarudi penye dirisha. Fundi akakalia kiti, akaweka mguu kwenye pedali, akautoa.

Mama Mkwe hakuondoka siku ile. Alisema kuku hawezi kusafiri na watoto wachanga wa makabila matatu, na hilo hakuna aliyeweza kulipinga. Jioni alikaa ngazini karibu na Mshenga, kwa umbali wa heshima, wakimtazama Hakimu akijaribu kuwafunika bata kwa bawa moja na kanga kwa jingine.

"Baba," alisema, "mtakwenda wote wawili hospitali. Wote, si yeye peke yake. Nitakaa hapa mpaka mrudi."

"Tutakwenda, mama."

"Na wale nzi wa kike huko porini. Wakishaolewa na hawa wako. Wanajua?"

Mshenga alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Hawajui," alisema. "Wanangoja tu."

Ndani, cherehani ilianza kukanyagwa, taratibu, mshono mmoja baada ya mwingine.